Milimita Saba

Usiku wa Jumanne niliiongezea prosesa mbio,
hatua moja, kisha nyingine,
kama mtu anayepima kina cha maji kwa fimbo.
Ilikubali. Ikakubali tena.
Video ya harusi ya Kyungu, iliyokuwa ikila saa tano kuiva,
ikaiva kwa tatu na robo,
nami nikajiona fundi.

Kisha kwenye kioo: tisini na sita.
Niligusa ubavu wa kasha nikaondoa mkono.
Kifeni kilichokuja nayo kutoka kiwandani,
kidogo kama kisahani cha kikombe,
kililia kama nzi ndani ya chupa,
na mashine ikajizima bila kuaga,
bwana harusi amesimama, kijiko cha keki hewani.

Mwezi wa kumi, Katuba. Mvua inatajwa tu.
Kuta zinarudisha usiku joto zililokopa mchana.

Kwa Chabu, nyuma ya soko la Kenya,
kulikuwa na vipoza viwili.
Kimoja mnara: mapezi ya alumini membamba kama kurasa,
mabomba sita ya shaba yaliyokunja magoti,
feni mbili, moja ikisukuma, moja ikivuta.
Dola arobaini na tano.
Cha pili kifupi, kinene, feni moja, ishirini na mbili.
"Hiki nacho kinapoza," alisema Chabu,
akitazama kwingine.

Nilipitisha kidole juu ya bomba. Mukuba.
Labda ulitoka hapa, labda ng'ambo ya dunia;
madini hayana cheti cha kuzaliwa.
Marehemu baba, miaka kumi na tisa kwenye tanuru,
hakuwahi kuuona umenyooshwa ukang'aa hivi.
Aliuona ukiwa uji mwekundu,
kisha akauona ukiwa mgongo wa lori.

Nikatoa rula. Chabu akacheka.
Kasha langu linameza milimita mia moja hamsini na tano.
Mnara una mia moja sitini na mbili.
Saba. Unene wa penseli.
Kwa ajili ya unene wa penseli
nilirudi nyumbani mikono mitupu
nikakaa uani nikihesabu na kuhesabu upya,
kana kwamba rula ingenionea huruma.

Shangazi Mujinga alikuwa akipepea mbabula kwa kipande cha katoni.
Hajui prosesa ni kitu gani; anaiita "ile kichwa yako."
Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho,
jambo adimu kwake.
"Ile feni inaleta baridi?"
"Hapana. Inahamisha joto tu."
"Inalipeleka wapi?"
"Chumbani."
"Na chumba inalipeleka wapi?"

Dirisha langu nililiziba kwa godoro
tangu wezi wa mwezi wa tano.

Asubuhi niliondoa godoro, nikatundika wavu,
nikaenda kununua mnara.
Nikaifuta prosesa hadi ikanionyesha uso wangu,
nikaweka mafuta ya kijivu, ukubwa wa punje ya mbaazi,
nikakaza skrubu kwa mshazari, kidogo hapa, kidogo kule,
jinsi mtu anavyofunga tairi.
Mlango wa kasha ulikataa kurudi mahali pake.
Sikuulazimisha.

Sabini na moja.
Sabini na nne saa nane mchana,
vumbi jekundu likiingia bila hodi.
Kila Jumamosi napiga brashi kati ya mapezi,
nalipia zile milimita saba kwa kupiga chafya.
Lakini bwana harusi amefikisha kijiko
mdomoni mwa mkewe, na watu wakapiga vigelegele.

Mlango? Shangazi ameuchukua. Anaanikia kapenta.
Anasema vile vitundu vinapitisha hewa vizuri sana,
na kwamba aliyeutengeneza, yeyote yule,
alijua alichokuwa anafanya.