Zabibu Nne

Maabara yetu Hombolo ilikuwa na kabati lenye kufuli
na ndani ya kabati, kufuli jingine.
Mwalimu Ndahani akafinyanga kaboni kwa udongo wa kichuguu,
akavunja miiba minne ya mgunga,
akachoma zabibu moja moja kwenye ncha:
"Hizi hidrojeni. Asile mtu."

Obiti moja ya s, tatu za p,
akazikoroga hewani kama unga wa uwele na wa mtama:
ugali ukishasongwa, nani atautenga?
Zikatoka nne, ndugu wa ziwa moja,
kila mmoja akimkimbia mwenziwe
hadi wasipoweza kuachana zaidi:
nyuzi mia na tisa na nusu.

Sechelela akala hidrojeni.

Hakumchapa. Aliutazama mwiba mtupu,
akasema, basi, tuseme udongo huu ni nitrojeni,
hii ni amonia.
Jozi iliyobaki haina wa kushikana naye mkono,
haionekani, lakini inasukuma.
Wale watatu hujikunyata.

Kwetu tulikuwa wanne.
Kwenye sinia bado tunabanana,
nyuzi mia na saba,
tukimpisha Chilewa.
Mama hutuambia tusogee.
Hatusogei.