Kwa Nyaraka Zote?

Kompyuta ya dirishani, hapa Magomeni Mapipa,
inaamka polepole kama mtu aliyekesha matangani.
Nafungua ukurasa mpya, na kabla sijaandika
herufi za Mwajabu zimekwisha kaa mkao wa kula:
nene, pana, ukubwa kumi na sita,
i kimbaumbau na m bonge
wamepanga vyumba vya kipimo kimoja.

Mwenyewe yuko Mkuranga kwa mwanawe.
Macho yaliomba likizo, akayapa.
Kaniachia kiti chenye mto wa kitenge,
stepla isiyouma, daftari la madeni,
na fonti hii.

Sikuipenda.
Barua ya kuomba kazi ikitoka nayo
inakuwa kama inabisha hodi kwa teke.
"Mbona kama tangazo la mnada?"
aliniuliza kijana mmoja wa Kigogo.
Basi kila faili: teua yote, fonti, shuka, shuka,
chagua ile nyembamba, kumi na mbili, sawa.
Mara ishirini kwa siku.
Kesho yake, ukurasa mweupe,
Mwajabu tena.

Jumanne, umeme uliporudi,
nikaikuta pale chini, imejibanza pembeni:
Iwe ya kuanzia.
Nikabofya. Mashine ikauliza:
Kwa waraka huu tu, au kwa nyaraka zote?

Zote.
Mikataba ya pango, viapo, mirathi
ya watu ambao bado wanakunywa chai.
Nikajibu kama anayeitikia amina
dua ikiwa haijamfikia.

Wiki nzima nikajiona wa mjini.

Kisha akaja Mwinshehe,
karatasi ya kiwanja imekunjwa mara nne
ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko wa shati.
Nikachapa: Kitalu I, namba 110.
Akaweka kidole kwenye kioo, kidole chenye saruji ukuchani.
"Hii ni herufi au ni namba?"
Nikatazama.
Fito tatu za mama mmoja,
na sifuri yangu, ukiipa jina la O, inaitika.
"Wewe uliyeandika hujui," akasema bila hasira.
"Wanangu watajuaje?"

Nikampigia Mwajabu.
Alicheka kwanza.
"Umebadilisha," akasema, wala halikuwa swali.
"Mkadhani ni macho tu!
Sifuri yangu ina nukta tumboni.
Moja yangu ina kofia, ina na kanyagio.
Mwanangu, nimeona ndugu wakipelekana baraza la ardhi
kwa ajili ya kijiti kimoja.
Haya, salio linaisha. Stepla inauma siku hizi?"
Haiumi, nikamwambia.

Nikarudi kwenye menyu, nikapanda, nikapanda.
Nikairudisha fonti yake,
ila ukubwa nikaweka kumi na tatu,
namba ambayo haimo kwenye orodha,
nikaiandika mwenyewe.
Mashine ikauliza swali lake lile lile.
Safari hii nililisoma mpaka kwenye alama ya kuuliza.

Mwinshehe akalipa mia tano,
akaisoma karatasi kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu,
akaikunja mara nne.