Kisanduku cha Pili

Barua ya kamati ilifika Jumanne,
imekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kaki,
imesafiri mfukoni mwa muuza karanga
kwa kuwa ni yeye aliyekuwa anakuja Kongwa siku hiyo.
Mistari saba tu, na muhuri uliokwenda upande:
makosa ya timu yafutwe kila robo ikiisha;
kosa la tano, mitupo miwili;
ile ya "funga kwanza ndipo upewe wa pili"
isichezwe tena katika ligi ya shule zetu.

Nikaisoma nimesimama. Kisha nikaketi.

Kocha Sajilo hakuketi.
"Makosa yafutwe? Kila dakika nane?
Mbona deni langu kwa Chilongani
halifutwi hata Krismasi?
Tutalea watoto wa kupiga mikono ya wenzao,
halafu wanangoja kengele iwasafishe."
Nilimwacha aseme.
Timu yake ya mwaka juzi ililinda goli kwa viwiko,
na ilijua kuhesabu mpaka sita, ikatulia.

Uwanja wetu ni sakafu ya ghala la karanga.
Kuta zilishachukuliwa, tofali kwa tofali,
zikawa majiko na vyoo vya watu;
imebaki saruji, na ufa mmoja
unaokata mstari wa mitupo huru
kama njia katika nywele zilizochanwa.
Kwenye ufa huo niliwahi kusimama.
Kidato cha tatu, jezi ya kijani ya kuazima,
sekunde sita, tumezidiwa pointi moja,
na upepo wa Agosti unatoka Mlali
umebeba makapi ya mtama uliopurwa.
Faulo ya saba. Funga kwanza, ndipo upewe.
Nilidunda mara tatu, kama nilivyofundishwa.
Mpira ukagonga chuma,
ukafikiri,
ukatoka.

Hakuna aliyenirudishia.
Wengine waliurukia, wakakimbia nao,
mimi nikabaki nimenyoosha mkono
kama mtu anayesubiri chenji
kwenye duka lililofungwa.

Watu husema nilikosa mitupo miwili.
Nafundisha hisabati, nawasahihisha:
nilikosa mmoja.
Kwenye karatasi ya siku ile
(ninayo, mchwa wameila pembeni)
kisanduku cha kwanza kina sifuri,
cha pili hakina kitu.
Sifuri ni jibu.
Ule weupe si jibu,
na nimekaa nao miaka kumi na tisa.

Jumamosi, Kongwa na Mpwapwa.
Niko mezani, jiwe juu ya karatasi zisipeperuke,
penseli mbili, ubao mdogo wa makosa, chaki, kitambaa.
Robo ya tatu, kosa la tano la wageni:
Nyemo wa kidato cha pili,
raba yake moja imefungwa kwa kamba ya katani,
anasimama penye ufa.
Mtupo wa kwanza haukufika hata kwenye bodi.
Wasichana wa Mpwapwa wakacheka, wakaanza kukimbia,
miguu yao bado na kanuni ya zamani.
Refa akapuliza filimbi.
Akaufuata mpira hadi kwenye nyasi,
akaufuta kwa shati lake,
akamrudishia mkononi.

Wa pili nao aliukosa.
Nyemo akasonya, akapandisha soksi, akarudi kulinda.
Nikaandika sifuri. Nikaandika sifuri nyingine
ndani ya kisanduku cha pili,
nikaikoleza mpaka ncha ya penseli ikavunjika.

"Mwalimu Hosiana," Sajilo ananong'ona begani kwangu,
"robo imeisha. Si ndiyo sheria yenu? Futa."
Ubaoni kuna vijiti vitano vya Mpwapwa, vinne vyetu,
na kimoja kati ya vyetu ni kiwiko nilichokiona mwenyewe;
yule binti bado ameshika leso mdomoni.
Nilikitazama hicho kwanza.
Kisha nikachukua kitambaa.
Vumbi la chaki likamwingia Sajilo machoni.
Akapiga chafya mbili, akaapa
kanuni hii haitafika mavuno.