Mpira wa Mlango

Walinituma Newala na mita nne na dodoso la kurasa tisa.
Swali la kwanza: Je, kituo kina umeme?
Ndiyo au hapana. Zungushia.
Muuguzi Somoe Nampunju akacheka,
akaniuliza, "Wa saa ngapi?"

Paa la zahanati lina paneli sita.
Mwezi wa sita ukungu hupanda kutoka bonde la Ruvuma,
hukaa juu ya mikorosho mpaka saa nne,
na jua likija, huja kama mgeni asiyetaka chai:
lasalimu, laaga.
Betri zimelizoea. Zinabana matumizi kuliko Hazina.

Nikaifunga mita kwenye waya wa jokofu la chanjo,
nikalala siku kumi na nne nyumba ya mwalimu,
kila alfajiri nikiandika tarakimu kwa penseli.
Jokofu lilikula mara mbili ya kilichoandikwa ubavuni mwake.
Mara mbili! Nikashuku waya, nikashuku mita,
nikamshuku fundi Likwanda, aliyechaji pale
simu za nusu ya kijiji, na yangu ikiwemo.

Usiku wa tisa nilipitisha kiganja pembeni mwa mlango
nikahisi pumzi:
baridi nyembamba, ikitoka kimyakimya
kama siri ya ndoa.

Mpira ulikuwa umechanika. Panya, au miaka.
Na tangu Ramadhani mbili zilizopita
Somoe alikuwa amelifunga jokofu kwa ukanda wa khanga,
fundo mbele, kama mtu mwenye kichomi,
na herufi zilizobaki kwenye kitambaa zilisomeka
NYUMBA NJEMA SI M

"Niliandika barua wilayani," alisema. "Mara tatu.
Wakaniuliza, linafanya kazi? Nikasema linafanya.
Wakasema basi."

Likwanda alikata tyubu kuukuu ya baiskeli,
akaibandika kwa gundi ya viatu.
Shilingi elfu tatu na mia tano, risiti hakuna.
Siku tano zilizobaki mita ilitembea kwa adabu.
Na usiku mmoja katika hizo
Asinati alijifungua chini ya taa
ambayo haikuzimika mpaka kulipokucha.
Dodoso halikuwa na safu ya jambo hilo.
Niliandika kwenye "Mengineyo", nikapinda pembeni,
nikamaliza nyuma ya karatasi.

Kisha Mtwara mjini, ukumbi wa hoteli, rasimu ya sera.
Viyoyozi nyuzi kumi na sita, madirisha wazi
ili wavuta sigara barazani wasikose mjadala.
Megawati zilipita mezani kama sinia za pilau:
za upepo, za jua, za gesi
inayopita kwenye bomba kuelekea kaskazini.
Nilipewa dakika tano. Nikasema: mpira wa mlango.
Wawili walicheka wakidhani ni utangulizi.
Nikasema, wahenga walisema nyumba njema si mlango,
lakini wahenga hawakuwa na jokofu.
Mwenyekiti akauliza, hiyo ni asilimia ngapi ya gridi ya taifa?
Mheshimiwa, nikamjibu, hawapo kwenye gridi.

Akatazama saa.
Nikainuka, nikafunga dirisha lililokuwa karibu yangu.
Moja tu. Mengine yalikuwa mbali.

Wameiweka. Kiambatisho cha nne, ukurasa wa mwisho,
chini ya jedwali, kwa herufi za mchwa:
"Matengenezo ya vifaa yazingatiwe."
Yazingatiwe na nani, kwa fungu lipi,
kitenzi hakina mwenyewe.
Nimekisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kupendwa nayo.

Jana nilimpigia Somoe.
Tyubu imeanza kubanduka upande wa bawaba, alisema,
amefunga khanga nyingine.
"Hiyo inasemaje?" nikauliza.
Nikasikia kandambili zake zikienda, zikisimama, zikirudi.
"Haisemi kitu," akasema.
"Safari hii nimekata upande wa maua."