Mkono Konde

Saa nne asubuhi Nandonde alinipigia toka uwanjani:
"Injinia, bomba lako limepita mlango."
Hakuanza na salamu.
Nikavaa kofia, nikashuka,
mchanga wa Madimba ukaingia viatuni.

Flenji mbili zilitazamana kama mawifi waliogombana,
mashimo hayalingani.
Nandonde akavuta futi yake ya chuma:
milimita sabini na saba.
"Nimekata kama ulivyoandika,"
akanionyesha mchoro, ukingo umelowa jasho.
Na kweli. Namba ilikuwa yangu.

Bwana Mchekenje akaagiza mnyororo.
"Livuteni. Samaki mkunje angali mbichi."
Nikasema hapana.
Chuma si samaki, bwana. Chuma hakisahau.
Leo utalivuta, utalifunga nati kumi na mbili,
litatulia kama mkwe ugenini;
kesho gesi ya moto itapita, bomba litataka kutanuka,
litakuta mkazo umeshatangulia, umekalia kiti.
Hapo litadai, na halidai kwa barua.

Akatazama saa. Akanipa mpaka alasiri.

Nikakagua urefu toka nguzo hadi nguzo: sawa.
Kimo cha pampu: sawa. Gasketi sikuisahau.
Nikamlaumu mpimaji, nikalaumu jua,
nikamlaumu Shaweji wa stoo, moyoni,
kisha nikamwomba radhi, moyoni vilevile.
Mchoro ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililoniuma:
mistari imelala nyuzi thelathini, mishale myembamba,
kila namba imekaa mahali pake kwa adabu,
uongo umevaa kanzu ya Ijumaa.

Nikaegemea meza. Kiwiko kikaniuma.

Bibi yangu, Somoe, aliuza ukili Mikindani.
Mnunuzi akisema, "Nipe mikono kumi,"
bibi hakugusa mzigo kabla hajauliza:
"Mkono kamili, au mkono konde?"
Kamili, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati.
Konde, toka kiwiko hadi ngumi iliyofumbwa.
Mkono ni uleule, mtu ni yuleyule,
lakini mkeka mmoja utaenea kitandani,
mwingine utaacha kamba wazi.

Nikafungua jedwali la elbo,
lile ambalo programu hulijaza yenyewe.
Inchi sita, elbo fupi: mia moja hamsini na mbili.
Nikakimbia stoo, nikapima iliyokaa rafuni:
mia mbili ishirini na tisa. Ndefu.
Nikatoa kwa penseli, kama mtoto wa darasa la tatu,
ikabaki sabini na saba.

Mashine ilinipa mkono konde
na mimi sikuuliza.

Nikasahihisha, nikapiga upya hesabu ya mkazo.
Nguzo ya kumi na moja, iliyokuwa shwari siku zote,
ikawa nyekundu.
Kumbe na utulivu wake ulikuwa wa kuazima.
Nikaisogeza, nikahesabu tena, nikaisogeza tena.
Nikaandika Toleo C, na pembeni jina langu kamili,
maana Toleo B nalo lilikuwa na jina langu.

Nandonde akakata.
Kabla ya magharibi flenji zilikutana,
nati zikaingia kwa vidole, mnyororo umelala chini.
Hakunisifu. Alinipa pete ya chuma aliyoikata,
bado ina uvuguvugu.
"Shika. Mali yako hii."

Iko mezani, inazuia karatasi feni ikipuliza.
Chini yake kuna michoro arobaini na moja,
yote imechorwa kwa jedwali lilelile.
Leo nimemaliza sita.