Nafasi ya Katikati

Tangu saa mbili Fundi Ndahani yuko chini ya 404 ya baba,
Kizota, nyuma ya mashine ya alizeti,
viatu vyake tu ndivyo vinavyoongea na mimi.
"Rodi zimekwisha. Bushi zimekwisha.
Ukiita mbili, inaitika rivasi.
Gia ya usukani, mama, ilikuwa ya watu wenye subira."

Yangu niliimalizia wodini, kando ya kitanda cha baba.
Nimeleta gia boksi ya 504 iliyofia Manyoni,
na mkono wake mrefu, umepinda
kama fimbo ya mchunga ng'ombe.

Grenda inalia. Sakafu inatema cheche.
Bati linadondoka, naiona ardhi ya Dodoma
pale palipokuwa na gari.
Vumbi linapanda humo bila hodi.

Kisha ugomvi: mkono wa gia unagonga siti,
ile ndefu ya mbele, benchi moja la watu watatu.
Ukisukuma tatu, sawa. Ukivuta nne, unachana kitambaa.
Ndahani anapima kwa shibiri, anapima tena.
"Benchi litoke. Tufunge mbili za Korola,
kila mtu na yake."

Bolti nne. Ya tatu imeshikwa na kutu;
tumeinywesha mafuta ya taa, tumeigonga,
tumeitukana Kigogo, ndipo ikakubali.
Chini yake: mbegu za zabibu, kibanio cha mama,
senti hamsini yenye sungura,
risiti ya mafuta ya Kibaigwa, wino umekimbia.

Hapo katikati ndipo nilipokaa.
Baba kulia, mama kushoto,
magoti yangu huru kwa kuwa gia ilikuwa juu,
mkono wa baba ukinipita usoni, unanuka petroli na sabuni ya mche,
moja, mbili, mpaka kreti za zabibu za Mpunguzi
zianze kuhema nyuma yetu.
Niliugua surua pale.
Pale waligombana safari nzima bila kutazamana,
na ukuta nilikuwa mimi.

Siti za Korola hazikubali. Matundu yake yamepishana vidole viwili.
Ndahani anachomelea vyuma, anakaa,
kichwa kinagusa paa, anashuka, anakata, anarudia.
Ya kushoto imelala upande kidogo.
Iache, nasema. Abiria wangu ni Sechelela,
naye huegemea tangu azaliwe.

Jioni tunaijaribu, barabara ya Hombolo.
Klachi. Moja inaingia kama ufunguo wa nyumbani.
Mbili. Tatu,
na mkono wangu wa kushoto unashuka wenyewe
pale nilipokuwa,
unakuta kirungu cha gia, kina joto, kinatetemeka,
kimo cha goti la mtoto.

Nakishika muda mrefu kuliko gia inavyotaka.
"Nne, mama, nne!" Ndahani anapiga kelele kutoka nyuma.
"Injini inalia!"