Saa za Kidonda

Tusajigwe anamshika bega, mimi nyonga.
Moja, mbili, tunamlaza ubavu,
mpira wa pumzi ukitufuata
kama mtoto aliyeng'ang'ania khanga.
Chande, fundi mageti wa Tandika,
siku ya ishirini na sita hajasema neno.
Mgongo ndio unaosema.

Morfini imeshaingia. Tunaisubiri.
Dakika ishirini hatugusi kitu.
Nje, Upanga, mtu anapiga honi
kana kwamba geti la hospitali ni la baba yake.

Kisha namfungua.
Ni mwezi wa kufunga, nami nimefunga,
na kazi yangu ni kumfungua mtu ili nimfunge upya.
Barakoa haizuii harufu; aliyefunga hunusa mara mbili.
Namwaga maji ya chumvi, vuguvugu,
mpaka shashi ya jana iachie yenyewe.
Ukiivuta kavu unang'oa na kilichoota.

Mtaani wangeliita donda ndugu.
Wala halikutoka mbali:
godoro la hewa lilinywea usiku ule umeme ulipokatika,
sisi wawili, vitanda tisa,
saa ya kumgeuza ikapita, ikapita na ya pili.
Hilo sikuliandika kwenye faili.
Naliandika hapa.

Rula ya karatasi. Urefu tisa. Upana saba.
Chini ya ukingo kuna pango, kijiti cha pamba kinazama.
"Kuanzia saa ngapi?" Tusajigwe, kalamu mkononi.
Fomu inataka kichwani pawe saa kumi na mbili,
lakini kwangu mshale ukitazama juu ni saa sita,
tangu saa ya bibi, ile iliyokuwa ikichelewa.
"Saa nane mpaka saa kumi na moja."
"Zako au za fomu?"
Tunacheka. Tunaona aibu kwa kucheka.
Ndipo tunaona paji la Chande limejikunja.
"Unaumia? Fumba macho mara moja."
Hafumbi. Ananitazama tu,
kama mteja anayetazama fundi akikosea.

Asali ya kaka yake, chupa nzima kutoka Sikonge,
imekaa dirishani, inang'aa bure.
Ya kidonda ni ile ya tyubu,
na ya tyubu imeisha tangu Jumanne.
Nalaza shashi mbichi, sishindilii,
nyama nayo inataka pa kupumulia.

Ila kabla ya kufunga nilipima kina.
Mbili na nusu. Wiki iliyopita, tatu.
Nikapima tena, sikujiamini.
Chini kabisa chembe nyekundu zimejaa,
komamanga lililopasuliwa.

Jioni Mwalami yuko kwenye benchi la nje,
mikono ina makovu ya cheche, fundi naye.
"Amesema chochote?"
"Nusu sentimita," namjibu.
Anaipima hewani kwa vidole viwili,
anaitazama muda mrefu.
"Geti likikosea hivi," anasema, "halifungi."
Adhana inaanza. Anachambua mfuko,
ananipa tende.